Tulivyompitiliza Bwana Harusi Mlango wa Mkewe

Siku Yussuf alipofariki, mimi na Idarusi tulikuwa tunapiga ngoma kwenye kona ya pili kutoka nyumbani kwake.

Tulikuwa tunamsubiri. Alikuwa amechelewa, na kuchelewa hakukuwa kawaida yake. Idarusi akasema tuanze tu, akitusikia atatoka mbio kuja kutunyamazisha. Tukaanza, yeye na dumbaki lake, mimi na tari langu.

Hakutoka. Aliyetoka ni mama mmoja jirani yake, kichwa wazi, khanga mkononi.

"Nyie watu hamna haya? Mwenzenu kaanguka bafuni, roho imetoka, na nyie mnapiga ngoma?"

Idarusi aliendelea kupiga. Si kwa kiburi. Maneno yalikuwa hayajamfika. Nilimshika mkono nikauweka juu ya ngozi ya ngoma, ukatulia.

Tulimzika alasiri ile ile.

Wasomaji walioanza nami mwanzo wanakijua kikundi chetu, Raha ya Moyo. Kwa anayekutana nasi leo, niseme tu kwamba tulikuwa watu watatu, na mpiga muziki alikuwa mmoja. Yussuf alipiga fidla, na aliipiga kweli. Mimi, Tahiri, nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha magunia mpaka tulipopunguzwa. Idarusi alikuwa fundi mashine hapo hapo. Yussuf alituchukua kwa sababu tulikuwa majirani zake na hatukuwa na kazi nyingine.

Nimekwisha kusimulia jinsi wauza samaki walivyotupa papa mkavu ili tuondoke sokoni, na jinsi mvua ilivyoilegeza ngoma ya Idarusi mbele ya wageni wa chama, ikawa inalia kama mtu anapiga tumbo. Hayo yote tuliyacheka, kwa kuwa Yussuf alikuwepo wa kuyatengeneza. Akianza kupiga, watu walisahau kwamba mimi na Idarusi tupo.

Sasa tulikuwepo sisi tu.

Siku chache baada ya hitma, Sabra alituma niitwe. Sabra ni binti wa Yussuf, mtoto wake wa pekee. Nilimkuta uani kwa mama yake mdogo, Maryam, anapepeta mchele.

"Ami Tahiri, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umepoa?"

"Tunashukuru Mungu. Ami, harusi yangu iko pale pale."

Nilikuwa najua. Mchumba wake, Bakar, alikuwa Mpemba, mwalimu wa shule huko kwao, na likizo yake ilikuwa inakwisha. Wazee walikaa wakaamua ndoa ifungwe kama ilivyopangwa. Mwatum, mama yake Sabra, alikuwa edani na asingetoka. Kwa hiyo Sabra angeolewa hapo kwa Maryam, kichochoro cha jirani, ili nyumba ya eda isiingiliwe na ngoma.

"Baba aliniahidi fidla yake ndiyo itakayomleta mume wangu mlangoni," akasema.

"Baba yako alikuwa anajua kuipiga."

"Utaipiga wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliingia ndani akatoka na fidla imefungwa kwenye khanga, akaniwekea mapajani kama mtu anayempa mwenzake mtoto ampakate.

"Upande wa Bakar wana redio kaseti kubwa, imetoka Mombasa," akasema. "Shangazi yake, Bi Asmahani, anasema siku hizi mambo ni ruksa, kanda zimejaa madukani, nani tena anapelekwa na fidla? Mimi sitaki kuletewa mume na kanda, ami. Kanda haikumjua baba."

Nilipomweleza Idarusi, hakuona tatizo.

"Chukua. Wewe umefika kidato cha nne. Mtu aliyesoma aljebra atashindwa na nyuzi nne?"

"Nyuzi tatu. Wa nne ni mshipi wa kuvulia samaki."

Ilikuwa kweli. Miaka ile nyuzi za fidla hazikupatikana, na Yussuf aliutia mshipi mahali pa uzi uliokatika, na ukalia. Mikononi mwangu haukulia. Ulilalamika.

Nilijifunzia chumbani kwangu, madirisha nimeyafunga. Jirani yangu Dorkasi, muuguzi kutoka Muheza, alikuwa akifanya kazi zamu za usiku na kulala mchana. Siku ya kwanza alinigongea ukutani. Siku ya pili alikuja mlangoni.

"Kaka Tahiri, kama ni paka, mwachie aende zake."

"Ni fidla, dada. Ya marehemu Yussuf."

Akaniangalia, akaangalia fidla. "Pole," akasema. Hakugonga tena. Alihamia kulala kwa shoga yake.

Taratibu wimbo ukaanza kutoka. Wimbo wa kumpeleka bwana harusi si mgumu. Unazunguka. Mstari ukiisha, unarudi mwanzo, na watu wanaufuata mpaka mlangoni kwa bibi harusi.

Kazi iko hapo mlangoni.

Kwetu, bwana harusi havuki kizingiti ngoma ikiwa inalia. Na ngoma hiyo haikatwi, inafungwa. Yussuf alikuwa na namna yake ya kuufunga ule wimbo. Akiufunga, wanawake wanapiga vigelegele na bwana harusi anavuka. Ngoma ikikatika hovyo, wakubwa husema na ndoa imekatika. Watakutajia mifano, kwa majina, na mitaa waliyokaa.

"Idarusi," nikamwuliza, "Yussuf alikuwa anaufungaje?"

"Mimi nilikuwa natazama kisigino chake. Kikishuka, naacha."

"Na vidole vyake?"

"Vidole nivitazamie nini? Mimi napiga ngoma. Wewe je, ulikuwa unatazama wapi?"

Pale mlangoni ndipo masinia ya pilau yalipokuwa yakipitishwa kuingizwa uani. Mimi nilikuwa natazama masinia.

"Basi Mungu atatufungulia," akasema Idarusi.

"Hatutaki kufunguliwa. Tunataka kufunga."

"Ukifika mlangoni utakumbuka. Mambo mengine yanataka ufike kwanza."

Nilimwamini. Sikuwa na lingine la kuamini.

Siku ya harusi ilikuwa Jumapili. Nikaha ilifungwa msikitini Chumbageni, karibu na kwa Bi Asmahani, na baada ya swala ya alasiri watu wakajipanga barabarani kumpeleka Bakar mtaani kwetu Makorora. Mimi nilivaa koti la mitumba ambalo mikono yake ilinipita vidole. Idarusi alivaa kanzu ya marehemu baba yake.

Bi Asmahani alitutazama kuanzia viatuni.

"Nyinyi ndio wanamuziki?"

"Ndio sisi, bibie. Shikamoo."

"Marahaba. Kaeni nyuma. Mbali kidogo. Mkitaka kupiga, pigeni, lakini msije mkaichanganya redio."

Redio ilibebwa begani na kijana mmoja wa kwao, jitu la kung'aa lenye milango miwili ya kanda. Ikafunguliwa. Sauti ya mwanamke ikajaa mtaa mzima, tamu, ya juu, na watu wakaanza kutembea.

Mimi na Idarusi tulifuata nyuma kabisa, baada ya wabeba masinduku.

"Nyumbani kwa Sabra tutafika hivi hivi?" nikauliza.

"Vumilia," akasema Idarusi. "Nimeziona betri zake. Zilikuwa zimeanikwa juu ya bati tangu asubuhi."

Wakati ule kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Redio zilianza kuingia, betri hazikuingia. Betri iliyochoka ilianikwa juani ipate nguvu kidogo, na kidogo ndicho ilichopata.

Tulipovuka reli sauti ya mwimbaji ikaanza kuwa nene. Mbele kidogo ikawa ya mwanamume. Ikawa ya mzee. Ikawa ya mzee anayeumwa.

"Ipige!" Bi Asmahani akaamuru.

Kijana akaipiga kibao. Redio ikakoroma, ikanyamaza.

Harusi nzima ikasimama juani. Jasho lilikuwa linamchuruzika bwana harusi chini ya kilemba. Watu waliokuwa wanacheza hawakujua wafanye nini na mikono yao. Bi Asmahani akazungusha macho, akatupata kule nyuma.

"Haya, nyie," akasema kama anayemeza dawa. "Pigeni."

Tukapita mbele, tukiwasukuma watu. Idarusi alikuwa anacheka peke yake.

"Si nilikwambia?"

"Idarusi, tutafungaje?"

"Tukifika."

Nikauweka upinde kwenye nyuzi. Idarusi akaanza. Na wimbo ukatoka.

Sijui nieleze vipi. Haukuwa mzuri, lakini ulikuwa wenyewe. Watu waliujua. Wanawake wakaupokea, sauti zao zikafunika makosa yangu, mtaa ukaanza kwenda. Mzee Shehe, mjomba wa Bakar, mtu mpole mwenye bakora, alisogea karibu yangu akasema, "Kama marehemu." Haikuwa kweli, lakini nilitembea kipande kile cha njia nikiwa na raha. Nilikuwa sijapata raha tangu tulipotoka makaburini, na nilijionea haya kidogo kwa kuipata.

Tukafika kwa Maryam.

Wanawake wa upande wa Sabra walikuwa wamejaa mlangoni, khanga sare, mikono tayari mdomoni kwa vigelegele. Bakar alisimama mbele ya kizingiti na mguu wake wa kulia tayari.

Nikamtazama Idarusi.

Idarusi alikuwa anatazama kisigino changu.

Nikaelewa. Yeye alikuwa anasubiri kisigino changu kishuke. Mimi nilikuwa nasubiri ngoma yake inyamaze. Na hakuna aliyekuwa amekumbuka kitu.

"Fungeni," akasema Mzee Shehe.

"Tunafunga, mzee!" Idarusi akajibu, akazidisha kupiga.

Nilijaribu. Nilishuka kwenye uzi mnene, kwa sababu nilikumbuka kwamba Yussuf alikuwa akishuka. Lakini huko chini ndiko wimbo unakoanzia. Watu wakadhani tumeanza upya. Wanawake wakaupokea upya, kwa nguvu zaidi. Bakar, ambaye alikuwa ameinua mguu, akauteremsha.

"Fungeni, jamani!"

"Tunafunga!"

Nikajaribu kupanda. Nikagusa mshipi wa samaki, ukalia mlio ambao sijawahi kuusikia kabla wala baada. Mama mmoja akasema "Audhubillahi." Nikarudi haraka kwenye wimbo, mahali pekee nilipopajua.

Kichochoro ni chembamba. Waliokuwa nyuma hawakuona mlango. Walichosikia ni ngoma inayolia, na ngoma ikilia watu wanatembea. Wakasukuma. Walio mbele wakasukumwa. Mimi na Idarusi tukasukumwa sote wawili, tukaupita mlango.

Na harusi ikatufuata.

Bakar alipita mbele ya mkewe, shingo imegeuka, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nyuma nilimsikia Maryam anapiga kelele.

"Nyinyi! Mnampeleka wapi? Ndiyo hapa! Jamani, ndiyo hapa!"

"Simama," nikamwambia Idarusi.

"Nikisimama imekatika."

"Basi tuzunguke. Tuzunguke mtaa, tukirudi tena mlangoni—"

"Tukirudi utakuwa umekumbuka?"

Mbele yetu kulikuwa na mtaro. Ulichimbwa ili mabomba ya maji yapite, halafu mabomba hayakuja, na mtaro ukabaki. Haukuvukika kwa miguu, sembuse kwa harusi. Njia ilikuwa moja tu, kushoto.

Idarusi aliona kabla yangu.

"Tahiri, si huku."

"Kule kuna shimo."

"Huku ni kwa Mwatum!"

"Najua ni kwa Mwatum!"

"Basi kata!"

"Nikikata Sabra ataambiwa ndoa yake imekatika. Wewe utakwenda kumwambia?"

Akapiga. Tukaingia kichochoro cha nyumba ya eda tukipiga ngoma ya harusi.

Nyuma yetu sauti zikaanza kupungua. Kila aliyekata kona aliona yuko wapi, akanyamaza. Kwanza wanawake, halafu wanaume. Mwisho tulikuwa tunasikika mimi na Idarusi peke yetu katika mtaa mzima.

Mlango wa Mwatum ulikuwa umefungwa. Dirisha lilikuwa wazi nusu, pazia jeupe limeteremshwa. Pembeni mwa mlango, juu ya baraza, yalikuwepo makubadhi ya Yussuf. Hakuna aliyeyaondoa. Yalikuwa yametazama nje, kama alivyokuwa akiyaweka kila siku ili akitoka ayavae bila kugeuka.

Mkono wangu ukasimama. Sikuusimamisha mimi.

Idarusi akabaki na kiganja hewani.

Halafu sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Nani huyo?"

Idarusi akaishusha ngoma.

"Nimeuliza, nani huyo anayeikwaruza fidla ya mume wangu kama anakwangua ukoko wa sufuria?"

"Mimi, shemeji. Tahiri."

"Na huyo mwenzio?"

"Idarusi, shemeji," akasema Idarusi. "Shikamoo."

Mwatum ni mdogo kwake kwa miaka mingi. Hata Idarusi mwenyewe hajui kwa nini alimwamkia.

Tukasikia sauti nyingine nyuma ya pazia. Nilidhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akajaribu kujizuia akashindwa, akacheka tena. Nikataka na mimi kucheka. Halafu kicheko kikabadilika palepale, bila kupumzika, na watu waliokuwa wanatazamana wakaanza kutazama chini.

Nilimkasirikia Yussuf. Sijapata kumwambia mtu jambo hili, ninaliandika. Nilisimama mbele ya mlango wake na fidla yake kifuani, mkewe anamlilia ndani, na mimi nilikuwa na hasira naye. Miaka yote ile, angesema siku moja tu: Tahiri, achana na masinia, tazama vidole.

"Imekatika!"

Alikuwa Bi Asmahani. Alikuwa amejipenyeza mpaka mbele.

"Imekatika, na wote mmesikia. Na imekatikia wapi? Mlango wa eda! Bakar, rudi nyumbani."

"Shangazi," Bakar akasema taratibu, "mie sina neno. Mke wangu yuko pale nyuma tu."

"Huvuki mlango wa mtu kwa ngoma iliyokatika. Si mimi nikiwa hai."

"Bibie," Mzee Shehe akaingilia, "nikaha imefungwa msikitini, mashahidi wapo. Hii nyingine ni mila tu."

"Mila tu? Basi ivue hiyo kofia yako hapa barabarani, nayo ni mila tu."

Mzee Shehe akaishika kofia yake. Hakuivua.

Wakamgeuza bwana harusi. Walirudi Chumbageni kimya, masinduku mbele, redio imebebwa mikononi kama mtoto aliyezimia. Bakar aligeuka mara nyingi, lakini shangazi yake alikuwa amemshika joho.

Idarusi alikaa kwenye ukingo wa mtaro na ngoma yake mapajani.

"Wametuacha," akasema.

"Wamemwacha Sabra."

"Ndio. Na huyo."

Nilikwenda kwa Maryam peke yangu. Nilimkuta Sabra ameketi juu ya mkeka, hina mikononi, mavazi yote mwilini, na wanawake wamemzunguka bila kuzungumza. Pilau lilikuwa limepakuliwa na halijaguswa.

"Ami," akasema, "mlipita."

"Tulipita, mwanangu."

"Niliisikia fidla. Nikasema, huyo anakuja. Halafu nikaisikia inakwenda."

Nilikaa chini kwenye kizingiti, kile kile ambacho Bakar hakukivuka.

Baada ya magharibi Mzee Shehe alikuja na ujumbe kutoka Chumbageni. Alikaa barazani akapewa kahawa, akaizungusha kikombeni muda mrefu.

"Boti ya Pemba inaondoka Ijumaa," akasema. "Bakar lazima aende nayo, shule inafunguliwa. Nimebishana na yule mama mpaka nimekubaliwa hivi. Alhamisi baada ya alasiri tutamleta tena, kwa miguu, kutoka mwanzo. Wimbo ule ule. Ukifungwa mlangoni kama unavyofungwa, anaingia, na Ijumaa wanaondoka wote wawili."

"Na usipofungwa?" Maryam akauliza.

"Anaondoka peke yake. Na shangazi yake amekwisha kusema atamtaka aandike talaka akiwa huko huko."

"Bakar ataandika?"

Mzee Shehe akanywa kahawa yake. "Bakar ni mtoto mzuri," akasema. "Ndiyo taabu yake. Hajapata kumkatalia mtu aliyemlea."

"Basi tutafute mpiga fidla mwingine," akasema Maryam. "Tanga hii yote?"

Tulitafuta. Mmoja tuliyemjua alikuwa amehamia Mombasa. Mwingine alikuwepo, lakini aliposikia ni wimbo wa Yussuf akarudisha mikono nyuma. Kila mpigaji ana namna yake ya kuufunga, akasema. Akiufunga kwa namna yake, wakubwa watasikia kwamba si ule uliofunguliwa Jumapili.

Jumatatu asubuhi nilikwenda dirishani kwa Mwatum, nikasimama nje ya pazia, uso nimeuelekeza barabarani.

"Shemeji, nisamehe kwa jana."

"Umenichekesha, Tahiri. Nilidhani sitacheka tena."

"Shemeji, Yussuf alikuwa anaufungaje ule wimbo?"

"Nyumbani hakuwahi kuufunga. Alikuwa akiupiga anauacha juu juu, anakwenda kuoga. Alisema unafungwa mlangoni kwa bibi harusi tu, si mahali pengine."

"Hukuwahi kumsikia akiufunga hata mara moja?"

"Mara moja. Siku yangu. Alijipeleka mwenyewe, bwana harusi na fidla kifuani, watu wakamcheka Makorora nzima. Alipofika mlangoni akaufunga."

"Ukasikia?"

"Vigelegele, Tahiri. Vilikuwa vingi. Sikusikia kitu."

Nilizunguka Makorora siku ile nikiwauliza watu. Kila niliyemwuliza alikuwepo katika harusi moja au nyingine. Kila mmoja aliniimbia wimbo vizuri, mpaka mlangoni. Halafu akapeleka mkono mdomoni akapiga kigelegele. Ndivyo walivyoujua mwisho wake. Ukifungwa, wanawake walikuwa wamekwisha kuanza. Hakuna aliyewahi kuusikia.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Dorkasi ameketi nje anachambua mchicha. Nilimweleza yote, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kubeba peke yangu.

Akaacha mchicha.

"Kaka Tahiri, sasa hilo ni tatizo? Kama hakuna aliyewahi kuusikia, piga chochote. Waambie wanawake waanze mapema. Vigelegele vitafunika."

Nilisimama nikimtazama. Nilitaka kumbusu mikono, mchicha na vyote. Nilikimbia kwa Idarusi, na Idarusi akaruka juu, akagonga kichwa kwenye boriti, akacheka huku amejishika.

"Si nilikwambia Mungu atatufungulia?"

Tulikwenda pamoja kwa Maryam. Tukamweleza. Maryam akaanza kuwahesabu mashoga zake wenye sauti kali. Hata Sabra, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, alitabasamu.

Tulikuwa bado tunazungumza Mzee Shehe alipobisha hodi. Hakukaa. Alisimama na bakora yake, hakututazama usoni.

"Kuna neno moja zaidi kutoka kwa yule mama," akasema. "Alhamisi hataki kigelegele hata kimoja. Watu wanyamaze wote, upande wetu na upande wenu, mpaka aisikie kwa masikio yake imefungwa. Anaisikia kwanza. Ndipo mtapiga."

"Ataisikia kutokea wapi?" Idarusi akauliza.

"Atasimama karibu na Tahiri. Upande wa fidla."

Akaaga, akaondoka. Maryam akaacha kuhesabu.

"Ami," Sabra akasema, "utaweza?"

"Sijui, mwanangu."

"Haya," akasema, akaingia ndani.

Alhamisi baada ya swala ya alasiri Bakar analetwa tena, na fidla ninayo mimi. Sabra ni mke wa mtu, na bado analala kitanda kimoja na mama yake mdogo.